Kabla ya kununua zulia jipya, fungua dirisha

Je, msomaji, ukipata pesa kidogo za kuipamba nyumba yako, huanza na nini? Kwa wakazi wengi wa miji ya Kitale na Bungoma, jibu ni lile lile: seti ya makochi, zulia la kufunika sakafu nzima, mapazia mazito, kabati kubwa la kuwekea televisheni na rangi inayong'aa ukutani. Si vibaya kupenda nyumba maridadi. Hata hivyo, wataalamu wa afya hutukumbusha kwamba chumba kinaweza kupendeza macho huku kikidhuru mapafu.

Makala haya yanaeleza jambo ambalo ni rahisi kulisahau: chumba chenye afya ni kile kinachopitisha hewa na mwanga, na ambacho hakikujazwa vitu vinavyotoa moshi, sumu au vumbi. Urembo ni wa baadaye. La kutia moyo ni kwamba mengi ya yanayofaa afya yako ndiyo pia yanayookoa miti ya Mlima Elgon na kupunguza gharama zako za kila mwezi.

Baridi ya Kitale, mbu wa Bungoma

Kitale na Bungoma ni majirani, lakini hali zao za hewa hazilingani. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana mkazi wa Kitale hujifunika blanketi mbili usiku ambao mwenzake wa Bungoma analala kwa shuka.

Huyu wa Kitale hufunga madirisha mapema kwa sababu ya baridi. Mara nyingi huziba hata yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, akitumia magazeti ya zamani au matambara. Huyu wa Bungoma naye hufunga madirisha jioni kwa kuogopa mbu. Sababu ni mbili, lakini matokeo ni mamoja: watu wanne au watano hulala hadi asubuhi katika chumba ambacho hewa yake haibadiliki.

Kila mtu anapopumua hutoa unyevu. Unyevu huo ukikosa njia ya kutoka, hutua kwenye ukuta wenye baridi, hasa nyuma ya kabati na kwenye pembe za chumba. Hapo ndipo ukungu mweusi unapoota. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba huhusiana na kukohoa, kukoroma kwa kifua na pumu. Aidha, iwapo mmoja wa wanaolala humo ana kifua kikuu au homa ya mafua, viini anavyotoa hubaki vikielea, na wenzake huvivuta usiku kucha.

Dirisha lina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2007, watafiti walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya katika hospitali nane za mji wa Lima, nchini Peru. Walipofungua madirisha na milango, hewa ya chumba ilibadilika takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vilivyotumia mashine za kuvuta hewa vilifanyiwa hesabu ya mara 12 tu. Majengo yaliyofanya vizuri kuliko yote yalikuwa yale ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa.

Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi wa ujenzi ni kwamba madirisha yachukue angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Hewa hupita vizuri zaidi ikiwa na mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea, yaani dirisha upande mmja na mlango au dirisha jingine upande wa pili. Kwa kuwa hewa yenye joto hupanda, yale matundu ya juu ndiyo njia ya kutokea hewa iliyochoka. Usiyazibe. Kila asubuhi, hata Kitale kukiwa na baridi, fungua madirisha yote kwa robo saa au zaidi. Kuta hazitapoa kwa muda huo, lakini hewa itakuwa mpya.

Jiko la makaa chumbani ni kifo

Hapa hatuna budi kusema waziwazi. Usiku wa baridi, kuna watu ambao huingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala ili kupata joto, kisha wakafunga mlango. Wengi hudhani kuwa makaa yaliyokolea, ambayo hayatoi tena moshi, hayana madhara. Hilo ni kosa ambalo limeua familia nzima nzima nchini Kenya.

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu basi hushindwa kubeba oksijeni hadi kwenye ubongo na moyo. Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo mtu anaweza kuzidhania kuwa malaria. Aliyelala hapati hata nafasi ya kuzihisi. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje mara moja na umkimbize hospitalini hata kama amezinduka. Na kwa wanaotafuta joto, njia salama zipo: blanketi, nguo nzito, chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri, zulia dogo mahali unapokanyaga ukiamka, na zaidi ya yote dari. Chumba kisicho na dari hupoteza joto lake kupitia mabati, na pesa za dari zitakufaa miaka mingi.

Jikoni: moshi usiishie kifuani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Moshi huo ndio unaochangia nimonia ya watoto, magonjwa sugu ya mapafu, kiharusi, maradhi ya moyo na mtoto wa jicho kwa akina mama.

Wazee wetu walipika ndani vilevile, lakini nyumba zao zilikuwa za namna nyingine. Ukitembelea Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa kwa umma mwaka 1974 kutokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, utaona mifano ya nyumba za jadi za jamii za eneo hili. Paa la nyasi liliruhusu moshi kupenya pole pole. Tulipoweka mabati, tukaziba nafasi kati ya ukuta na paa, tukaendelea kupika kwa kuni na makaa, moshi ulikosa pa kutokea.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilishirikiana na familia za magharibi mwa Kenya na Kajiado kutafuta njia za kupunguza moshi. Walijaribu kupanua madirisha na nafasi za chini ya paa, wakajaribu pia kofia ya bati inayowekwa juu ya jiko na kuunganishwa na bomba la kutoa moshi nje. Kofia hiyo ndiyo iliyopunguza moshi zaidi. Fundi wa mabati yeyote mjini anaweza kukutengenezea.

Majiko yenye kiini cha udongo wa kuchomwa, kama vile lile la Upesi, hupunguza kuni zinazotumika yakilinganishwa na mafiga matatu. Hata hivyo, kupunguza kuni si sawa na kumaliza moshi. Bado utahitaji bomba au dirisha. Kwa anayemudu, gesi, umeme au gesi ya samadi kwa mwenye ng'ombe ni bora zaidi. Na usisahau kikapu cha kupikia, kile kilichozungushiwa matambara au sufi. Maharagwe yakishachemka barabara, sufuria hufunikwa humo na kuendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula, yachemshe tena.

Hewa ipite, mbu asipite

Wakazi wa Bungoma watauliza: tukifungua madirisha, je, malaria? Swali hilo ni la haki. Bungoma imo katika kundi la kaunti zilizo karibu na Ziwa Victoria ambako malaria huwapo mwaka mzima. Trans Nzoia ina visa vichache zaidi, lakini mlipuko huweza kutokea baada ya mvua.

Mbu wa malaria huingia usiku, na njia wanayoipenda sana ni ile nafasi kati ya ukuta na paa. Ukiiziba kwa udongo au saruji, umezuia mbu lakini pia umezuia hewa. Dawa ni wavu wa waya wa matundu madogo kwenye madirisha, kwenye matundu ya hewa na chini ya paa. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu kamili ziliingiwa na mbu wachache kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zisizo na nyavu.

Karibu nasi zaidi, watafiti walijaribu dari za mikeka ya mafunjo katika eneo la mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya. Matokeo yao, yaliyochapishwa pia mwaka 2009, yalionyesha kuwa mbu wa malaria walipungua sana ndani ya nyumba hizo. Mafunjo huota tena yakikatwa kwa kiasi, mkeka wake husukwa na mafundi wetu wenyewe, na dari hiyo hupunguza joto la mabati mchana. Ni nadra kupata pambo lenye faida nyingi kiasi hicho. Angalia tu usiiweke juu ya jiko, maana hushika moto haraka.

Na zile dawa za mbu za kuwasha, zenye umbo la duara? Watafiti waliopima moshi wake mwaka 2003 walikuta kwamba duara moja linaweza kutoa chembe nyingi sawa na sigara 75 hadi 137. Usiiwashe katika chumba kilichofungwa, na hasa pale anapolala mtoto. Chandarua chenye dawa hulinda bila moshi wowote. Wavu wa dirishani haukiondoi kazini, bali hukisaidia.

Rangi: usiamini mng'aro

Rangi za mafuta, zile zinazong'aa, hutoa mvuke mkali unaoumiza macho na kichwa kwa siku kadhaa. Zaidi ya hayo, baadhi yake zimewahi kutiwa madini ya risasi ili ziwe na rangi kali, hususan manjano, nyekundu na machungwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Naye, kama ujuavyo, hutia kila kitu mdomoni.

Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Unaponunua, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na uulize kama rangi hiyo haina risasi. Kwa kuta za ndani, chagua rangi ya maji. Kama nyumba ni ya zamani na rangi inabanduka, usiikwaruze kwa msasa mkavu wala kuichoma, kwa kuwa vumbi lake ndilo sumu. Ilowanishe kwanza, watoto wakiwa mbali, kisha ufute sakafu kwa kitambaa chenye maji.

Chokaa nayo isidharauliwe. Ni ya bei nafuu, haina harufu ikishakauka, huruhusu ukuta kutoa unyevu na huzuia ukungu kuota kwa urahisi. Chumba kilichopakwa chokaa pia huangaza, hivyo taa huwashwa kwa kuchelewa. Vaa miwani na glavu unapoipaka, maana mbichi huunguza macho na ngozi.

Zulia, makochi na kabati

Zulia la kufunika sakafu nzima ni ghala la vumbi. Katika nyumba zenye unyevu, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huzaliana humo na kwenye magodoro, na kinyesi chao ni miongoni mwa vichochezi vikuu vya pumu. Sakafu ya saruji iliyolainishwa, au ya vigae, hufutwa kwa maji na kukauka. Ukitaka upole wa miguu, tandika mkeka au zulia dogo unaloweza kulitoa nje, kulikung'uta na kulianika juani. Mashuka na foronya yafuliwe kwa maji moto yapatayo nyuzi 60 kama kuna mgonjwa wa pumu. Godoro nalo lipate jua.

Kabati mpya zilizotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi mara nyingi hutoa harufu inayochoma pua. Hiyo huwa ni gesi ya formaldehaidi, ambayo mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kabati kama hiyo iache mahali pa wazi penye kivuli kwa siku kadhaa kabla ya kuiingiza chumba cha kulala, na baada ya hapo chumba kipitishe hewa.

Bora zaidi ni mbao halisi. Hapo pia kuna la kuzingatia. Mti wa loliondo, ambao wengi huuita tiki ya Elgon, hukua pole pole sana, na kila meza yake ni mti uliochukua miongo mingi. Muulize seremala mbao za mkaratusi, saipresi au grevilea, miti inayopandwa na wakulima mashambani mwao. Tangu mwaka 1983, shirika la Vi Agroforestry la Uswidi lilipoanza kazi katika eneo la Kitale na Pokot Magharibi, upandaji wa miti mashambani umehimizwa sana huku kwetu. Kununua mbao hizo ni kumpa mkulima sababu ya kupanda tena. Vilevile, kiti cha zamani cha mbao nzima kikirekebishwa hakina harufu ya gundi, na hakikati mti mwingine.

Dari za asbesto na maua ya ndani

Baadhi ya nyumba na shule za zamani zina paa au dari za asbesto. Nyuzi zake zikivutwa husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake, mara nyingi baada ya miaka mingi. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliorodhesha asbesto kuwa taka hatari. Ikiwa nzima, usiiguse. Usiitoboe, usiikate wala kuipiga brashi. Ikiwa imevunjika, wasiliana na NEMA kuhusu mafundi wenye leseni ya kuiondoa.

Na maua ya chunguni? Watu wengi huamini kwamba husafisha hewa, imani iliyotokana na majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, mwaka 1989. Majaribio hayo yalifanywa katika masanduku yaliyofungwa. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walipiga hesabu upya wakakuta kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili ifikie kazi ya dirisha. Weka ua kwa kuwa linapendeza, lakini usilitegemee kukusafishia hewa. Na maji yasituame kwenye kisahani chake.

Uanzie wapi?

Kama huna hata shilingi, ondoa matambara kwenye matundu ya hewa, sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, anika godoro na utoe jiko la makaa chumbani leo hii. Kama una pesa kidogo, nunua wavu wa waya wa dirisha la chumba wanacholala watoto, kisha chokaa au rangi ya maji. Kama unazo zaidi, weka dari na kofia ya moshi jikoni. Seti ya makochi ifuate baada ya hayo.

Iwapo wewe ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kugusa ukuta wake. Mweleze kwamba wavu na matundu ya hewa huilinda nyumba yake pia, kwani ukuta usio na unyevu haubanduki rangi kila mwaka. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Bei ya wavu mmoja wa dirisha huwezi kuilinganisha na gharama ya kumlaza mtoto hospitalini kwa nimonia au malaria.